Mvua za Zelamba

Nilianza na majoka, kama kila anayejifunza kutunga uongo.
Nikayapa mbawa na mapango, nikaipa nchi miezi miwili angani
kwa kuwa mmoja nilikwisha kuuzoea.
Ramani niliichora nyuma ya stakabadhi za tumbaku,
sita, nimeziunga kwa gundi ya unga,
na katikati nikaweka jangwa
kwa sababu tu kalamu ya njano ilikuwa bado ndefu.

Mama alikuwa ametoka kupima mvua.
Saa tatu kamili asubuhi, nyuma ya ofisi ya shule, Kiloleni,
anainama kwenye kopo la shaba, anamimina,
anasoma kwa jicho moja, anaandika.
Miaka kumi na tisa. Hata siku aliyofiwa.
Akaitazama Zelamba yangu, bilauri ya kupimia ikiwa bado mkononi.
"Majoka nimeyaamini," akasema.
"Huu upepo ndio sijauamini. Unatoka wapi?"

Sikuwa nimefikiri kwamba upepo nao una kwao.

Akavuta kigoda. Akauliza jua linachomozea wapi,
bahari iko upande gani, maji yake ya uvuguvugu au ya baridi,
na hii milima, umeiweka ikae tu kama picha ya ukutani?
Mlima una kazi, mwanangu. Wingu likija limebeba,
linapanda, linachoka, linautua mzigo upande huu;
upande wa pili linafika mikono mitupu,
kama mgeni aliyekula zawadi njiani.

Tukalihamisha jangwa. Likaenda nyuma ya milima ya Sega.
Msitu ukaja mbele, ukasimama penye haki yake.
Nikataka masika ya mwaka mzima kwa Ndulele, mji wa malkia wangu.
Mama akacheka: na karanga zitaanikwa lini?
Nyuki watatoka saa ngapi?
Nikaikumbuka miombo yetu ya Oktoba
inavyotoa majani mekundu kabla tone halijaanguka,
kama mtu anayetandika mkeka kwa kusikia harufu ya chakula.
Nikaipa Zelamba kiangazi cha miezi sita.
Nikaipa vumbi.
Ikaanza kunuka kama mahali.

Ila kulikuwa na kijiji.
Nilikichora siku ya kwanza, kwa penseli, kidogo,
nikakiita Kabula, jina lake yeye,
aliyezaliwa siku ya mvua.
Sasa kilikuwa nyuma ya Sega.
Upepo ulikuwa sahihi. Mlima ulikuwa sahihi.
"Nitausogeza," nikasema, nikachukua ufutio.
"Usogeze. Ila umjue atakayeikosa."
Vidole viwili magharibi: wafinyanzi wa bondeni wakakosa udongo laini.
Vidole vitatu kusini: Ndulele, visima vyake, malkia na majoka.
Kila niliposogeza, kivuli kilimwangukia mtu
niliyekwisha kumpa jina.

Sikulala. Treni ya mizigo ya Mpanda ikapiga honi, ikapita,
nikaurudisha mlima palepale.

Alfajiri kulikuwa na kitu juu ya bati. Si mvua.
Vidole vya mtu anayepapasa kutafuta mlango.
Saa tatu nikamfuata Mama kwenye kopo.
Akamimina; bilauri ikabaki tupu.
Ukuta wa ndani tu ulikuwa na jasho.
"Sifuri," nikasema.
"Si sifuri." Akaandika herufi moja, akaipigia mstari.
"D. Dalili. Imenyesha isiyopimika.
Ukiandika sifuri utakuwa umesema hakuna aliyeisikia."

Nimerudi kwenye ramani.
Kijiji cha Kabula, nyuma ya Sega, kina jedwali lake:
sifuri, sifuri, sifuri, mpaka macho yauma,
na mwezi wa kumi na moja, kwa wino,
D.